Robo Kilo

Mimi ndiye niliyekuwa sauti.
Kibanda cha Ogweno, Nyalenda, nyuma ya mashine ya kusaga,
mabati matupu, madirisha yamezibwa kwa magunia,
kiingilio shilingi kumi, mtoto wa mgongoni bure.
Filamu zilikuja zikisema kwao;
mimi na maikrofoni iliyofungwa utepe
tulizisemesha kwetu.

Kila shujaa, niamini, anatafuta kitu.
Mwaka ule kilikuwa bangili,
imefuliwa ndani ya nyota iliyokufa, walisema,
aivaaye huamuru saa isimame na bahari iinuke.
Jina lake lilikuwa refu, la kutafuna kama muwa mkavu;
nikalitema.
Nikaiita Kile Kitu.
Mabenchi yote yakaelewa papo hapo,
kwani nyumba gani haina kile kitu,
chini ya godoro, ndani ya kitambaa,
kinachotajwa kwa kope tu wageni wakiwapo?

Jumamosi hiyo mvua ya ziwa inapiga bati,
napaza sauti kama dalali,
jitu la pembe tatu limekamata Kile Kitu,
linakiingiza mkononi, polepole, kidole kwa kidole,
mbingu inapasuka,
giza.

Si giza la filamu. Tokeni imeisha.

Ogweno akatoka mbio kununua stima kwa simu,
kisha tukamsikia akibonyeza mita:
tarakimu ishirini, akikosea, akianza upya,
akizinong'ona kama mganga aliyesahau nusu ya uganga.
Na watoto sitini gizani.
Mmoja, Apondi wa kina Nyangweso nadhani, akaita:
"Sauti! Kimeenda wapi?"

Umeme sikuwa nao. Koo nilikuwa nalo.
Nikasema: kililiponyoka.
Kiliteleza kwa jasho, maana hata jitu hutokwa na jasho,
kikaanguka siku saba, kikipishana na korongo,
kikatua pu! kwenye mtaro wa hapa hapa,
kati ya makapi ya muwa na kandambili moja ya kushoto.
Asubuhi msichana akakiokota.
Hakukivaa. Kilikuwa kipana, kina tope.
Akakipeleka kwa Odhoch wa vyuma chakavu,
Odhoch akakitupa kwenye mizani
pamoja na mpini wa sufuria na spoku tatu,
akajikuna kisogo, akasema: robo kilo.
Saa zote za dunia, bahari zote,
robo kilo.
Akatoa shilingi kumi.
Na msichana yule, na shilingi kumi ile
(nikanyamaza kidogo, mvua ikanisaidia)
akaingia humu. Yumo. Amekaa.
Anangoja kujua ni nani aliyekichukua.

Hakuna aliyecheka.
Nilisikia mabenchi yakilia, watu wakigeukiana
wasionane,
na mtu akipapasa kifundo cha mkono wa jirani yake,
kisha cha kwake mwenyewe.

Taa zikarudi.
Kwenye skrini shujaa alikuwa nayo tayari,
safi, inang'aa, mkono ameuinua juu,
muziki umejaa mpaka spika inakoroma.
"Muongo!" wakamzomea. "Hiyo siyo yenyewe!"
Nilijaribu kumtetea kwa Kiswahili chote nilichokuwa nacho.
Wapi.
Wengine walitoka kabla hajabusiwa.

Jumatatu Odhoch akanijia amefura.
Rundo lake lote limepinduliwa:
pasi za makaa, rimu za baiskeli, kitasa kisicho na mlango,
watoto wa watu wamejaa kutu hadi kwapani,
na wawili wamepigania kifuniko cha birika.
Akanifokea mpaka akachoka.
Kisha akavuta ndoo, akaikalia, akaomba maji,
akanywa yote,
na akiwa anatazama kwingine kabisa, kule njiani,
akaniuliza
kama ilikuwa ya shaba,
au chuma tu.